Kilio Huanza Mfiwa

Mtu akilazwa hospitalini, daktari humwona asubuhi kwa dakika tano au kumi, akaandika maneno mawili matatu kwenye faili, kisha akaenda zake kitanda cha pili. Anayebaki na mgonjwa ni mwingine. Ni yule anayemgeuza ubavu ili asipate vidonda vya mgongoni, anayemletea chombo cha kujisaidia, anayebadilisha shuka zilizolowa, anayempima joto la mwili usiku wa manane na kumlisha uji kulipopambazuka. Sisi tumezoea kumwita nesi, hata kama kwenye karatasi za ofisi yeye ni mhudumu tu. Mgonjwa akipona hushukuru daktari. Mgonjwa akifa, aliyemfumba macho ni yule mhudumu.

Leo nataka tuzungumze habari za watu wa kazi hiyo katika mji mmoja wa Marekani, mwaka 1969. Walikuwa zaidi ya 400, karibu wote wanawake, na wote weusi. Waligoma kwa siku 100. Habari zao hazitajwi sana tunaposimuliana juu ya Martin Luther King na maandamano ya haki za raia, lakini nadhani zina jambo la kutufundisha juu ya chama cha wafanyakazi ni kitu gani, na kinaweza kumfanyia mtu nini, na hakiwezi kumfanyia nini.

Mji wenyewe ni Charleston, katika jimbo la South Carolina. Ni mji wa bandari, kama Mombasa au Zanzibar, na kama hiyo yetu una historia nzito ya watumwa. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika ya Kaskazini walipitia bandari ya Charleston. Ni hapo pia, mwezi Aprili 1861, mizinga ya kwanza ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ilipopigwa. Watalii huenda kutazama nyumba za zamani zenye vibaraza na bustani za maua. Katika mji huo kulikuwa na hospitali kubwa ya chuo cha udaktari, mali ya serikali ya jimbo, na jirani yake hospitali ya wilaya.

Kufikia wakati tunaouzungumzia, sheria za Marekani zilikuwa zimekwisha kubadilika. Sheria ya Haki za Raia ilipitishwa mwaka 1964. Mwaka 1966 ulipoanza mpango wa serikali kuu wa kuwalipia wazee matibabu, hospitali zote zilizotaka fedha hizo ziliambiwa ziache kuwatenga wagonjwa kwa rangi. Vibao vya "weupe" na "weusi" vikaondolewa milangoni. Lakini, ndugu msikilizaji, kuondoa kibao ni kazi ya bisibisi. Kuondoa ubaguzi katika zamu, katika mishahara na katika kupandishwa vyeo ni kazi nyingine kabisa.

Tumtazame mwanamke mmoja, Mary Moultrie. Alizaliwa na kukulia Charleston, akaenda New York, akafanya kazi katika hospitali ya Goldwater, na huko akafikia kuwa muuguzi mwenye leseni. Mwaka 1967 akarudi kwao. Alipoomba kazi katika hospitali ya chuo, sifa zake za New York hazikutambuliwa. Akaajiriwa kuwa msaidizi wa wauguzi, daraja la chini kabisa katika wodi. Mikono ni ile ile, ujuzi ni ule ule, ila cheo na mshahara vikashuka ngazi.

Mshahara wenyewe ulikuwa dola moja na senti 30 kwa saa. Mtu akifanya kazi saa 40 kwa wiki anapata dola 52. Wakati huo kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wengi wa Marekani kilikuwa dola moja na senti 60, lakini sheria iliwaweka wafanyakazi wa hospitali katika kundi lililoruhusiwa kulipwa pungufu kwa miaka kadhaa. Hivyo mwanamke aliyekesha akiwaangalia wagonjwa wanane au kumi alipata kidogo kuliko mtu aliyefagia kiwanda.

Na juu ya mshahara kulikuwa na mambo ambayo hayaandikwi katika hati ya malipo. Moultrie alisimulia baadaye kwamba wahudumu weusi walikula chakula chao katika chumba cha mitambo ya mvuke. Wauguzi wenye vyeo walikuwa weupe, wasaidizi walikuwa weusi, na lugha iliyotumika kuwaita ilikuwa ya kuvunja heshima. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa kama mtoto.

Lakini kilichowasha moto hakikuwa mshahara, wala matusi. Ilikuwa ni ripoti ya wagonjwa.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya wodi anajua kwamba zamu ikibadilika, wanaotoka huwaeleza wanaoingia hali ya kila mgonjwa: huyu amefanyiwa upasuaji, asipewe maji, yule ana kisukari, huyu wa kona ameanza kutapika damu. Bila maelezo hayo mhudumu anaingia wodini kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Mwishoni mwa mwaka 1967 muuguzi mmoja mweupe aliyekuwa kiongozi wa zamu alikataa kuwapa wasaidizi weusi maelezo hayo. Waanze tu kazi. Wale wanawake walikataa. Walisema hawawezi kumshika mgonjwa wasiyejua ugonjwa wake. Watano kati yao walifukuzwa kazi.

Hapa naomba tutue kidogo. Watu wengi hudhani kwamba madai ya usawa kazini ni jambo la wafanyakazi peke yao, na kwamba mgonjwa ni mtu wa tatu anayeumia tu pale wanapogombana wakubwa. Lakini wanawake wale watano walikuwa wakimtetea mgonjwa. Aliyewanyima ripoti kwa sababu ya rangi yao alikuwa amemweka hatarini mtu aliyelala kitandani, na mtu huyo pengine alikuwa mweupe.

Kisa hicho kikamfikia kijana wa mji huo, William Saunders, aliyekulia Johns Island, aliyekuwa amepigana vita vya Korea. Yeye na wenzake wakaipeleka habari kwa maofisa wa serikali kuu wanaosimamia afya, na wale watano wakarudishwa kazini. Ushindi mdogo, lakini ulifungua macho. Moultrie na wenzake wakaanza kukutana kila wiki kwa siri. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: kila anayekuja amlete mwenzake mmoja anayemwamini. Mahali pa kukutania walipewa na chama cha wafanyakazi wa tumbaku, ambacho kiongozi wake, Isaiah Bennett, aliwaonea huruma. Chama hicho kilikuwa na historia yake. Wanawake weusi wa kiwanda cha sigara cha Charleston ndio waliogoma mwaka 1945 hadi 1946, na katika mgomo ule wimbo wa kanisani uliokuja kuwa wimbo wa haki za raia duniani kote ulianza kuimbwa kama wimbo wa madai.

Basi mtu mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne. Haba na haba. Kufikia mwaka 1968 walikuwa mamia.

Sasa walihitaji chama. Unaweza kuuliza, kwa nini hawakwenda mahakamani tu? Jibu ni kwamba sheria ilikuwa imewaruka. Sheria kuu ya kazi ya Marekani ya mwaka 1935 iliwapa wafanyakazi wa makampuni haki ya kuunda vyama na kujadiliana na mwajiri, lakini iliwaacha nje watumishi wa serikali. Mwaka 1947 hospitali za hisani nazo zikatolewa. South Carolina ilikuwa na msimamo mkali zaidi: wakubwa wa jimbo walisema taasisi ya serikali haina ruhusa kujadiliana na chama chochote. Kwa maneno mengine, mtu aweza kuwa na chama, lakini mwajiri halazimiki kukijibu hata salamu.

Walichokipata ni chama cha New York kinachojulikana kwa namba tu: 1199. Kilianzishwa mwaka 1932 na wafanyakazi wa maduka ya dawa. Kiongozi wake, Leon Davis, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Urusi, na tangu miaka ya 1930 chama chake kilipigania wafamasia weusi waajiriwe katika maduka ya Harlem. Mwaka 1959 kiliongoza mgomo wa siku 46 katika hospitali saba za New York, mgomo wa wafagiaji, wapishi, wafuaji na wasaidizi wa wauguzi, wengi wao watu weusi na Wapuerto Riko. King alikipenda chama hiki na kukisemea hadharani. Baada ya kuuawa kwake, mjane wake, Coretta Scott King, alikubali kuwa mwenyekiti wa heshima wa kampeni yake ya kuwaandikisha wafanyakazi wa hospitali nchi nzima.

Angalia mpangilio wa mambo, ndugu msikilizaji. Chama hakikuja Charleston kuwafundisha watu kwamba wanaonewa. Watu walikuwa wamejua hivyo siku nyingi, wakakutana, wakahesabiana, wakachagua viongozi wao, ndipo wakaita chama. Tawi likapewa jina 1199B, na Mary Moultrie akawa rais wake. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Wageni wakianza kulia kabla ya mwenye msiba, watu hushangaa.

Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Dk. William McCord, mtoto wa wamisionari wa Kimarekani, mzaliwa wa Afrika Kusini. Kwa miezi mingi hakutaka kuonana na wafanyakazi hao. Hatimaye, tarehe 17 Machi 1969, akakubali kukutana na wachache wao. Walipofika wakakuta chumba kimejazwa wafanyakazi wengine walioalikwa kuja kupinga chama. Wenzao waliposikia wakaacha kazi kwa muda wakaenda kuwaunga mkono. Baada ya hapo watu 12 wakafukuzwa, Moultrie akiwa mmojawapo, kwa kosa la kuwaacha wagonjwa.

Tarehe 20 Machi mgomo ukaanza. Siku chache baadaye wafanyakazi wa hospitali ya wilaya wakaungana nao. Madai yalikuwa machache: wale 12 warudishwe, mshahara upandishwe, kuwe na utaratibu wa kusikiliza malalamiko, na chama kitambuliwe. Dk. McCord akatoa kauli iliyokuja kunukuliwa na magazeti nchi nzima, kwamba hawezi kukabidhi jengo la mamilioni ya dola kwa watu wasiomaliza hata shule ya msingi. Alidhani anaeleza udhaifu wa wagomaji. Kumbe aliwapa watu wote weusi wa Charleston, waliosoma na wasiosoma, sababu ya kutoka nje.

Hapo ndipo chama kilipoonyesha kazi yake. Mfanyakazi wa dola 52 kwa wiki hawezi kugoma hata wiki mbili. Kodi ya nyumba inadai, watoto wanadai. Chama kikaleta fedha za kujikimu, kikaleta mawakili wa kuwatoa watu rumande, kikaleta waandishi wa habari. Kikafungamana na jumuiya ya viongozi wa makanisa iliyoachwa na King, ambayo sasa iliongozwa na mchungaji Ralph Abernathy. Jumuiya hiyo ilikuwa na deni moyoni. King alipigwa risasi tarehe 4 Aprili 1968 mjini Memphis, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka 1,300 waliogoma. Mwaka mmoja baadaye, hapa Charleston, wafanyakazi wa chini walikuwa wakidai lile lile: tuone, sisi ni watu.

Maandamano yakawa ya kila siku. Abernathy akakamatwa na kutiwa ndani. Wanafunzi wakaacha madarasa. Wateja weusi wakagomea maduka ya katikati ya mji. Gavana wa jimbo, Robert McNair, akaleta mamia ya askari wa akiba wenye bunduki zilizochomekwa singe, kisha ikatolewa amri ya kutotembea usiku. Watu hawakuwa wamesahau kwamba chini ya gavana huyo huyo, tarehe 8 Februari 1968, polisi walifyatua risasi katika chuo cha watu weusi mjini Orangeburg wakaua vijana watatu. Kila aliyeandamana Charleston alijua anachokihatarisha. Kabla mgomo haujaisha watu karibu elfu moja walikuwa wamekamatwa.

Mwisho wa Aprili Coretta King alifika, akahutubia katika kanisa la Emanuel na kuongoza maandamano. Katika Siku ya Mama, tarehe 11 Mei, maelfu ya watu walifurika mitaani, na kiongozi wa wafanyakazi wa magari, Walter Reuther, alikuja toka Detroit kuandamana nao. Siku hiyo ilichaguliwa kwa makusudi. Wagomaji wengi walikuwa mama wa watoto, na wengine walilea peke yao.

Na hata hivyo, ndugu msikilizaji, si nyimbo peke yake zilizomaliza mgomo ule. Zilisaidiana na mambo mawili makavu: hesabu na bandari.

Hesabu ni hii. Maofisa wa serikali kuu, ambao tangu mwaka 1968 walikuwa wamekagua hospitali ile na kukuta inakiuka sheria ya haki za raia katika kuajiri, waliiandikia kwamba isipowarudisha wale 12 inaweza kupoteza fedha za serikali kuu zipatazo dola milioni 12. Katika Juni uongozi wa hospitali ukakubali. Watu wakaanza kupumua. Kisha wanasiasa wakubwa wa jimbo wakaingilia kati huko Washington, muda wa onyo ukasogezwa, na hospitali ikajitoa katika ahadi yake. Mji ukachafuka upya, maandamano yakawa ya usiku, na moto ukawashwa hapa na pale.

Bandari ndiyo iliyobaki. Wafanyakazi wa bandari ya Charleston, wengi wao weusi, walitishia kuweka mizigo chini. Sisi wa pwani tunajua maana ya neno hilo. Mwaka 1947 makuli wa Mombasa waligoma Januari, na wale wa Dar es Salaam wakagoma Septemba, na serikali ya kikoloni ikaelewa kwa siku chache kile ambacho barua za heshima hazikuweza kuieleza kwa miaka. Meli ikisimama, kila mfanyabiashara huanza kuuliza: tatizo ni nini hasa, na kwa nini halimalizwi?

Tarehe 27 Juni 1969, siku ya 100, yakafikiwa mapatano na hospitali ya chuo. Wagomaji wote walirudishwa kazini pamoja na wale 12. Kima cha chini kikapandishwa hadi dola moja na senti 60. Ukawekwa utaratibu wa malalamiko, na mfanyakazi akaruhusiwa kwenda na mtu wa kumsindikiza. Katika hospitali ya wilaya mgomo uliendelea hadi Julai.

Chama hakikutambuliwa.

Ningeweza kuishia hapo kwenye mapatano, tukapiga makofi, tukaagana. Ingekuwa hadithi nzuri, lakini ingekuwa nusu ya ukweli. Bila kutambuliwa, tawi la 1199B lilikuwa kama mti uliopandwa juu ya mwamba. Michango ilikuwa migumu kukusanya. Viongozi wa kitaifa waliondoka, kwa sababu kulikuwa na hospitali nyingine zinawaita. Kule Baltimore, mwaka ule ule wa 1969, wafanyakazi wa hospitali maarufu ya Johns Hopkins walipiga kura ya kukiingia chama hicho bila mabavu. Inaaminika kwamba wakubwa wa huko walikuwa wameyatazama ya Charleston kwenye televisheni na hawakuyataka mlangoni kwao. Hivyo jasho la Charleston likawanufaisha watu wa mbali, huku Charleston kwenyewe tawi likinyauka na kufa katika miaka michache. Wapo katika wanawake wale waliosema baadaye, bila kuficha, kwamba waliachwa. Moultrie mwenyewe aliishia kuondoka katika hospitali ile.

Je, walishindwa? Swali hilo nimelifikiria sana. Mtu anaweza kusema walipata senti 30 kwa saa na hawakupata chama. Lakini hesabu hiyo inasahau vitu viwili. Cha kwanza, wale 12 walirudi. Walipita mlango ule ule waliotolewa, mbele ya wale wale waliowatoa. Mfanyakazi aliyewaona wakirudi alijua kwamba kusema si lazima kuwe mwisho wa kazi yake. Cha pili ni ule utaratibu wa malalamiko. Kabla yake, neno la muuguzi mkuu lilikuwa hukumu. Baada yake, ilibidi neno lisikilizwe na lijibiwe. Kwa anayejua maofisi, hilo si jambo dogo.

Wala tusidhani kwamba hayo yalikuwa ya Marekani peke yake. Hapa kwetu, wakati wa ukoloni, hospitali ziligawanywa kwa rangi. Dar es Salaam Wazungu walitibiwa Ocean Road, Waafrika wakaenda Sewa Haji. Kule Afrika Kusini, Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1957 iligawa hata daftari la majina ya wauguzi kwa rangi, ikawaachia weupe peke yao viti vya baraza lao. Ndiyo maana Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na wauguzi wa Kiingereza wakaanza kufunga mizigo, Mwalimu Nyerere aliomba msaada kwa chama cha ANC, na wauguzi 20 weusi wa Afrika Kusini wakaja kuziba pengo. Nchi iliyowadharau iliwafundisha kazi, na nchi iliyowahitaji ikawapa heshima.

Na Kenya kuna kisa cha Tom Mboya. Kabla hajawa mwanasiasa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa bwana afya katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi, na alilipwa kidogo sana kuliko Mzungu wa kazi ile ile. Siku moja alikuwa peke yake maabara akipima maziwa. Akaingia mwanamke wa Kizungu na chupa mkononi, akaangaza huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Kisa hicho alikieleza mwenyewe katika kitabu chake. Akajiingiza katika chama cha watumishi wa halmashauri, na kutoka hapo akawa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi wa Kenya. Mwaka 1959 alikwenda Marekani akakutana na King. Alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, siku nane baada ya mapatano ya Charleston. Sina ushahidi kwamba wanawake wale na Mboya waliwahi kusikiana. Lakini lile swali la mwanamke wa Kizungu, "hakuna mtu humu?", ndilo swali ambalo wote walilijibu.

Mwaka 2013 kibao cha ukumbusho wa mgomo kiliwekwa mjini Charleston karibu na hospitali. Mary Moultrie alikuwa hai kukiona. Alifariki mwaka 2015. Ilichukua miaka 44 kuandikwa kwa herufi za chuma jambo ambalo kila mzee wa mtaani alilikumbuka.

Ndugu msikilizaji, tunayo vyama vya wauguzi na vya watumishi wa afya katika nchi zetu zote. Tunavilaumu, mara nyingine kwa haki: michango inakatwa, viongozi hawaonekani, mikutano ni ya posho. Kwetu mara nyingi mpaka wa wodini si rangi ya ngozi. Yaweza kuwa kabila, au kijiji ulichotoka, au nani anakufahamu wizarani, au kwamba wewe ni mhudumu tu na yule ana cheti. Lakini namna unavyouma ni ile ile. Mtu ananyimwa maelezo, ananyimwa likizo, ananyimwa kupandishwa, kisha anaambiwa anyamaze kwa ajili ya mgonjwa.

Somo ninaloliona Charleston ni kwamba chama si mwokozi anayeshuka kwa ndege. Chama ni bomba la kupaza sauti, na bomba halina sauti yake. Kikifika mahali ambapo watu hawajakutana, hawajaaminiana, hawajakubaliana wanataka nini, kitapiga kelele tupu. Kikifika mahali ambapo wanawake watano wamekwisha kukataa kumshika mgonjwa wasiyeelezwa ugonjwa wake, hapo kitapata la kusema. Na somo la pili ni kwa chama chenyewe: ukiwasaidia watu kusema, usiondoke siku ya kupigiwa makofi. Mwenye msiba huumia zaidi wageni wakishakwenda zao.

Ukipita wodini wiki hii kumwona ndugu yako, mtazame yule anayesukuma toroli la shuka. Msalimie, muulize jina lake. Halafu muulize swali moja: akiona jambo halikwenda sawa hapa ndani, anamwambia nani? Akikujibu bila kusita, hospitali hiyo ina afya. Akitazama huku na huku kwanza, ujue kazi bado ipo.